Mkono wa Kushoto wa Chopin

Mtu yeyote anayejifunza piano, awe Warsaw au Mwanza, siku moja ataletewa Preludi ya E maina, kipande kifupi cha mtunzi Frédéric Chopin, Opus 28 namba 4. Ataletewa kwa sababu ni fupi, vipimo 25 tu (kipimo ni kundi la mapigo kati ya mistari miwili ya wima), inaenea kwenye karatasi moja ya A4, na kwa macho ni rahisi mno. Mkono wa kulia unakaa juu ya nota moja, unagusa ya jirani, unarudi. Mkono wa kushoto unapiga chodi, yaani nota kadhaa kwa pamoja, nane kwa kila kipimo, zikibadilika kidogo kidogo. Kijana mwenye bidii ataikariri upesi. Halafu ataipiga mbele ya wageni, nota zote sahihi, na wageni watapiga makofi ya adabu na kuendelea na soda zao.

Mimi ni mpiga kinanda na mwalimu wa kwaya katika parokia moja hapa Mwanza. Mchana nina kibanda cha fotokopi na uchapaji, ambacho ndicho kinachoninunulia umeme wa LUKU. Nota za kwaya nyingi za upande huu wa mji hupita kwenye mashine yangu, kwa hiyo wapiga kinanda wenzangu nawafahamu wengi, na tangu wanisikie nikipiga Chopin wanauliza swali moja: "Dada, unafanyaje hadi inakuwa na hisia?" Wakiuliza hivyo wanatazama mkono wangu wa kulia. Wanaona kiwiko kinavyopanda, kichwa kinavyoinama, wanadhani huko ndiko dawa iliko. Mimi nasema hisia za kipande hiki ziko kushoto, karibu zote, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza mkono wa kulia, tuumalize. Unaanza na B ya chini, unaruka oktavu nzima hadi B ya juu, na hapo unatua. Kisha B ndefu, C fupi. B ndefu, C fupi. B ndefu, C fupi. Halafu B inalegea hadi B flati na kuangukia A. Sisi wa solfa tukiweka do kwenye G, hiyo ni mi, fa, mi, fa, mi, fa, mi. Ndiyo habari yote ya vipimo vinne vya mwanzo. Ningewapelekea sauti ya kwanza wimbo wa namna hiyo wangenirudishia karatasi: mwalimu, hapa umesahau kuandika wimbo.

Hata hivyo ndani ya hiyo mi na fa kuna jambo ambalo sisi tuliokulia kwenye vinanda vya kanisani hatulijui mpaka tukae kwenye piano yenyewe. Sauti ya ogani haifi. Ubonyeze kwa hasira au kwa upole ni mamoja, B itasimama pale pale mpaka unyanyue kidole. Ndiyo maana tunaweza kuburuta kanisa zima la watu wanaochelewa pigo, maana sauti yetu haichoki. Piano ni nyundo inayopiga waya. B ikishapigwa inaanza kufa papo hapo, na hakuna unachoweza kuifanyia tena. Unaweza kukandamiza kidole mpaka kucha iwe nyeupe, unaweza kutikisa mkono kama wanavyofanya kwenye video, waya haujui.

Sasa B hiyo inadumu robo tatu kati ya robo nne za kipimo, na mwendo ni wa pole. Zamu ya C ikifika, B imeshapungua sana. Ukiipiga C kwa nguvu ileile uliyoanzia B, umezaa mdundo mpya kabisa, na msikilizaji anasikia nota mbili zisizojuana. C inatakiwa ianzie pale sauti ya B ilipofikia, au chini yake kidogo. Hilo hulipimi kwa kidole, unalipima kwa sikio: unasikiliza B inavyozama, unaisubiri, unaiweka C juu ya kile kilichobaki. Ikifanikiwa, C haisikiki kuwa imepigwa. Inasikika kama B imepumua. Mwanafunzi mmoja wa Chopin alisimulia kwamba mwalimu wake alimwambia ukitaka kupiga piano sharti uimbe, na wanafunzi wake aliwahimiza waende kuwasikiliza waimbaji wa opera wa Kiitaliano. Kwa mwimbaji jambo hili halihitaji somo. Hakuna mwanadamu anayeimba mi ndefu akafika mwisho wa pumzi na kuipigia kelele fa.

Basi, mkono wa kulia ndio huo. Piga peke yake, jioni mbili tatu, polepole, mpaka sikio lako lichukie C yenye kelele. Halafu uache.

Kushoto ndiko nilikokaa muda mrefu, na msaada nilioupata haukutoka kwenye kitabu wala mtandaoni. Umetoka kwa wanakwaya watatu waliochelewa kuondoka baada ya mazoezi ya Alhamisi.

Chodi ya kwanza ya kushoto ni G, B na E. Niliitazama ile karatasi nikaona kwamba hiyo si chodi hata kidogo. Ni kwaya. G ni ya besi, na besi hapo yuko juu kwake, mahali pazuri. B ni ya tena, sauti ya juu ya wanaume. E ni ya alto, amekaa starehe. Na B ya juu ya mkono wa kulia ni soprano. Yaani Chopin ameandika sauti nne, kama sisi, ila sauti tatu za chini amezikatakata vipande vinane kwa kila kipimo. Nikavitoa vile vipande. Nikaandika upya kwa mkono, nota ndefu tu, kila mtu na mstari wake kwa solfa, nikawagawia: mama mmoja wa alto, mzee wetu wa tena, na kijana wa besi ambaye alikuwa anasubiri mvua ipungue tu ajiondokee zake.

Mstari wa besi mwanzoni ni huu: do, ti, ta, la. G, F shapu, F, E. Kijana akauimba mara moja, akacheka. "Mwalimu, hii ni kushuka ngazi umeme umekatika." Nikamwambia basi shuka hivyohivyo, unapapasa kwa mguu kabla hujaweka uzito. Sijapata bado maelekezo bora zaidi ya hayo kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto.

Kisha tukaweka sauti tatu pamoja, nami nikapiga mi na fa za juu. Hapo ndipo nilipoona kilichomo. Sauti hizi zote zinashuka, mara nyingi kwa nusu toni, ile hatua ndogo kabisa kati ya nota mbili, lakini hazishuki pamoja. Besi anateremka kwenda F shapu huku alto ameachwa palepale kwenye E. Nota yake haijabadilika, ni ileile aliyokuwa nayo kwa raha zake, ila sasa chini yake pamesogea na E imekuwa ngeni nyumbani kwake. Mama wa alto akasita, akataka kushuka na yeye. "Baki!" nikamwambia. Akabaki, uso umekunjamana. "Mwalimu, hapa panauma." Baada ya kidogo zamu yake ikafika, akateremka D shapu, akashusha pumzi, na alipotulia tu, besi akasogea tena.

Hivyo ndivyo kinavyofanya kazi kipande kizima. Kuna mmoja anasogea na kuna mmoja amebaki, na anayebaki ndiye anayeumia. Akijisogeza ili apone, anamwachia mwingine maumivu. Soprano huko juu na mi, fa, mi, fa yake hajui lolote, anaimba nota zilezile, na kila anapoirudia B, chini yake pamekuwa mahali pengine. Ndiyo sababu ile nota moja haichoshi. Haibadiliki yenyewe, inabadilishwa na walio chini yake. Ukipiga mkono wa kushoto kama ngoma ya kusindikiza, duf duf duf duf, umeifuta hadithi yote, na hakuna kiwiko cha kulia kitakachoirudisha.

Mzee wa tena naye hakuwa na mengi. Aliimba mstari wake wote bila kosa, akavaa kofia, akauliza: "Aliyeandika alikuwa anadaiwa?"

Kwa hiyo njia ninayoitumia, na ninayowapa wanaoniuliza, ni hii. Usianze na vile vipande vinane. Shika chodi moja ndefu kwa kipimo chote, na usogeze kidole pale tu chodi inapobadilika. Vidole visivyosogea visiondoke mahali pake, vibaki vimelala kwenye vibonyezo. Piga hivyo kipande kizima mpaka mkono ujue, bila kuangalia, ni kidole kipi kina safari na kipi kimeachwa. Kisha piga sauti mbili na ya tatu uiimbe kwa mdomo. Anza kuimba besi, ni rahisi. Halafu imba ile ya katikati, ya tena, ambayo iko chini ya kidole cha tatu au cha pili na ambayo kila mtu huisahau. Ukiweza kuimba ya katikati huku unapiga nyingine, umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi. Mimi hufanya hivyo usiku nimevaa hedifoni, na jirani yangu ambaye tunagawana ukuta, kwa sababu hasikii piano bali sauti yangu peke yake ikishuka nusu toni kwa nusu toni, aliwahi kugonga mlango kuuliza kama nimepata msiba.

Ndipo urudishe vile vipande vinane. Na hapo uangalie sana, maana mkono utataka kurudi kwenye kugonga. Kidole kisiruke juu ya kibonyezo. Acha kibonyezo kiinuke kidogo tu, hadi nusu, kisha ukishushe tena. Piano nyingi kubwa za leo zina mtambo wa kuruhusu nota irudiwe kabla kibonyezo hakijarudi juu kabisa. Érard, mtengenezaji piano wa Paris, aliubuni mwaka 1821. Chopin mwenyewe alipenda zaidi piano za Pleyel, ambazo wakati huo hazikuwa na mtambo huo, kwa hiyo hata yeye ilimbidi awe na subira ya kidole. Kinanda changu cha mtumba cha vibonyezo vizito kinavumilia. Piano ya zamani ya masista, ninayoikimbilia umeme ukiwa hakuna, haivumilii hata kidogo: usipokiachia kibonyezo kiinuke hadi juu kabisa, hakuna kinacholia. Naipenda kwa sababu hiyo. Inanilazimisha nisikilize kila kimoja. (Ina C moja inayokwama wakati wa masika, na mnajua tayari C ni nota ya pili ya wimbo huu. Masika napiga mambo mengine.)

Sasa mwendo. Juu ya ukurasa pameandikwa Largo, na watu wakiona Largo wanalala. Nimesikia watu wakiipiga kwa dakika tatu na zaidi, kila chodi imesimama peke yake ikisubiri kuhurumiwa. Lakini tazama alama iliyo pembeni ya Largo: ni ile C iliyokatwa kwa mstari, yaani kipimo kina mapigo mawili, siyo manne, wala siyo manane. Hesabu ndogo ya dukani: vipimo 25 vyenye robo nne kila kimoja ni robo 100. Ukipiga robo moja kwa sekunde, kipande kinakwisha kwa dakika moja na sekunde 40. Na robo moja kwa sekunde bado ni pole, jaribu uone. Ukihesabu mapigo mawili kwa kipimo, vile vipande vinane vinaacha kuwa mapigo na kuwa mtetemo tu, nao wimbo unapata pumzi ndefu ya kufika kutoka kipimo cha kwanza hadi cha nne bila kuzirai njiani. Huzuni haiongezeki kwa kuchelewesha. Mtu mwenye msiba hatembei polepole ili watu wamwone, anatembea, basi.

Sikatazi kuvuta na kuachia mwendo. Lakini nani avute? Wilhelm von Lenz, aliyepata kufundishwa na Chopin, ameandika kwamba mwalimu wake aliuita mkono wa kushoto kiongozi wa okestra, ambaye hatakiwi kuyumba, na mkono wa kulia ufanye utakavyo. Karol Mikuli, mwanafunzi mwingine, amesimulia kwamba metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mapigo, haikukosekana juu ya piano ya Chopin. Watu hushangaa, maana wamezoea kumfikiria kama mtu wa kuelea tu. Mimi sikushangaa. Kila mwalimu wa kwaya anajua: soprano akitaka kukawia juu ya neno tamu, mruhusu, mradi besi wanatembea. Besi wakikawia naye, wimbo umekufa na waumini wamekaa. Kwa hiyo mi yangu ya juu huweza kuchelewa unywele mmoja baada ya chodi. Chodi hazimsubiri.

Kuna wanaotaka kwanza wajue hadithi. Ipo, na ni nzuri. Novemba 1838 Chopin alikwenda kisiwa cha Majorca, Hispania, pamoja na mwandishi George Sand na watoto wake wawili, akitafuta jua kwa ajili ya kifua chake. Wakapata mvua. Wakaishia kwenye vyumba vya watawa huko Valldemossa, mlimani. Alikuwa ameahidi preludi 24, moja kwa kila ufunguo wa meja na maina, na Camille Pleyel wa Paris alikubali kuzilipia faranga 2,000. Piano ndogo ambayo Pleyel alimtumia ilichelewa njiani, ikakwama kwenye ushuru wa forodha, ikamfikia muda mfupi tu kabla hajaondoka Februari 1839. Muda mwingi alifanya kazi kwenye piano mbovu ya hapo kisiwani. Preludi zilichapishwa mwaka huohuo wa 1839.

Sehemu ya forodha inanigusa kuliko mvua, nakiri. Ila sioni kwamba inasaidia vidole. Baadaye mpiga piano Hans von Bülow alizipa preludi hizi majina, na hii akaiita Kukosa Pumzi, kwa kumfikiria mgonjwa wa kifua. Wapo wanaoipiga wakiwa wanakosa pumzi kweli, mabega juu, wanahema. Chopin hakuandika jina lolote. Aliandika espressivo, yaani kwa hisia, na chini yake zile sauti tatu zinazoshuka. Mzee wetu wa tena hakuwa amesikia habari za Majorca, wala kifua, wala George Sand, na bado aliuliza kama mtunzi alikuwa anadaiwa. Muziki ulikuwa umeshamwambia.

Pedali, ile ya kukanyaga ili nota ziendelee kulia: kidogo. Alama za pedali kwenye ukurasa huu ni chache mno, na wachapaji wengi wameongeza zao. Ukikanyaga pedali na kubaki umeikanyaga wakati sauti zinashuka kwa nusu toni, ile F shapu na F zitakaa chumba kimoja na utapata matope. Mimi nabadilisha pedali kila mara kidole kimoja kinaposogea, yaani mguu wangu unafuata kushoto, haufuati wimbo. Kama pedali yako ni ile ya bei nafuu isiyojua nusu, inayojua kuwaka na kuzima tu, afadhali uiache kabisa kwenye nusu ya kwanza.

Nusu ya kwanza inaishia kipimo cha 12. Mkono wa kulia unapata mruko mdogo wa nota za haraka, kisha cha 13 kila kitu kinarudi kama mwanzo. Ni kama mwanzo kwa vipimo vichache tu. Sauti zinaanza kushuka kwa haraka kuliko kwanza, karibu na kipimo cha 16 ameandika stretto, kaza mwendo, na mara nota za kulia ambazo zimekuwa zikijizuia tangu mwanzo zinapasuka kwa nguvu. Hapa watu wengi wanapiga kulia kwa kishindo, na kushoto kunabaki nyuma, kunanong'ona. Geuza. Anza kuongeza sauti kwenye besi kipimo kizima kabla, taratibu, ili kulia kusukumwe kutoka chini. Ukifanya hivyo hutahitaji kupiga kwa nguvu sana, na wenye piano za umeme zenye spika ndogo mtashukuru, maana kishindo kwenye spika hizo ni kelele tu.

Baada ya hapo inazimika pole pole, wimbo unarudi kwenye mi na fa, halafu inakuja chodi moja ya ajabu yenye B flati chini yake. Haiko kwenye ufunguo wetu, na mama wa alto alipoisikia alidhani nimekosea. Baada yake, kimya. Kimya chenye alama ya fermata, yaani kidumu utakavyo. Wengi hukiogopa. Wanainua mkono, wanahesabu haraka moja-mbili, wanakimbilia mwisho. Mimi nasubiri mpaka nisikie jambo lingine chumbani: friji ya masista, bodaboda inayopanda kilima, chochote. Nikishasikia hivyo najua na wasikilizaji wameacha kusikiliza piano na wanasikiliza kimya. Hapo naingia na chodi tatu za mwisho, pp, yaani kwa sauti ndogo sana, nzito, za chini.

Na hapo kuna kitu kingine cha kushoto. Tangu mwanzo, E maina yetu ilikuwa na G chini. Nyumba ilikuwa ya E, lakini besi hakuwahi kuikalia E kama nyumba yake; alipita hapo mara kadhaa akiwa na chodi nyingine, akaendelea. Ni kwenye chodi ya mwisho kabisa, kipimo cha 25, ndipo E maina inapokaa juu ya E yake mwenyewe. Kijana wa besi nilipomwonyesha alisema sasa ameelewa kwa nini alikuwa hajisikii kufika. Chodi hiyo usiipige kwa huruma. Iweke tu, sauti zote sawa, besi kidogo mbele.

Chopin alikufa Paris tarehe 17 Oktoba 1849, akiwa na miaka 39. Kwenye mazishi yake, tarehe 30, katika kanisa la Madeleine, waliimba Requiem ya Mozart, na preludi hii ya E maina ilipigwa pamoja na ile ya B maina, namba 6. Aliyezipiga ni mpiga kinanda wa kanisa hilo, Lefébure-Wély, na alizipiga kwenye ogani. Nimefikiria sana jambo hilo, kwa sababu za kazi. Mimi nimefundisha vidole vyangu kuheshimu B inayokufa, na siku ya mwenyewe kuzikwa B haikufa, ilisimama mpaka kidole kiliponyanyuliwa. Wimbo kwa hiyo ulipoteza kitu. Lakini zile sauti tatu za chini, kwenye ogani, zinakuwa kile zilichokuwa tangu awali: nota ndefu, hazijakatwakatwa, kila mmoja akibaki na mwingine akisogea. Nikajaribu hivyo kanisani Jumamosi moja baada ya mazoezi, kinanda kikiwa kwenye sauti ya ogani, nimeondoa vipande vinane na kuacha nota ndefu za besi, tena na alto. Mlinzi alikuja akasimama mlangoni. Aliuliza kama ni ya Ijumaa Kuu.

Paroko ameshauliza kama inaweza kupigwa baada ya komunyo. Nimemwambia inawezekana, ila kamati ya liturujia wataniuliza maneno yako wapi, na sitaki kikao.

Kwa sasa nimeshachapa namba 6, ile ya B maina, nayo karatasi moja. Huko mambo yamegeuzwa: chodi za kurudiarudia ziko mkono wa kulia, na wimbo wote amepewa wa kushoto, chini kabisa. Kijana wa besi ameiona kwenye kaunta akaomba kopi yake. Nimemwambia ni shilingi mia, kama wateja wengine.